Ukiirudia Babylon 5: dokezo lilipandwa, au tunaliona kwa sababu tunajua mwisho?

Leo historia kidogo, ila historia ya tamthiliya. Kama hujaimaliza Babylon 5, ishia hapa, nisije nikakumalizia utamu.

Tamthiliya hii ya Marekani ilianza na filamu ya utangulizi mwaka 1993, ikaenda misimu 5 hadi 1998. Mtunzi wake, J. Michael Straczynski, aliipanga kama hadithi moja ya miaka 5, na kati ya sehemu 110 aliandika mwenyewe 92. Ndiyo maana ukiirudia, vidokezo vimejaa kila kona.

Mchukulie balozi Londo. Mwanzoni mwa msimu wa 1 (1994) anasimulia ndoto ya kifo chake: atakufa mzee, amekabwa koo na hasimu wake G'Kar. Mara ya kwanza unasema, basi, chuki yao itafika huko. Mwaka 1996 tunaonyeshwa tukio lenyewe. Kumbe wameshakuwa marafiki, na Londo ndiye anayeomba auawe kabla kiumbe kinachomtawala hakijaamka! Ndoto ni ileile. Maana ndiyo imegeuka.

Sasa hili la pili ndilo linaniumiza kichwa. Mwaka huohuo 1994, mtu aliyevaa suti ya anga anavua kofia: ni Kamanda Sinclair, amezeeka. Dokezo zito. Lakini baada ya msimu ule mwigizaji wake, Michael O'Hare, aliondoka, na Bruce Boxleitner akawa stelingi mpya, Sheridan. O'Hare alifariki 2012, na mwaka 2013 Straczynski akaeleza kilichokuwa kimefichwa: jamaa alikuwa anapambana na ugonjwa wa akili. Mwaka 1996 alirudi, tukio la suti likaunganishwa, ila hadithi inayolizunguka ilishapangwa upya. Dokezo lilipandwa kwa ajili ya mwisho mmoja, likavunwa kwenye mwingine. Na ukiangalia leo huoni hata kiraka!

Hapo ndipo sisi tutakaofundisha historia tuwe macho. Mwanafunzi atakwambia vita ya 1914 lazima ingetokea, "dalili zote zilikuwepo". Ni kweli zilikuwepo, ila yeye anazisoma akiwa ameshaujua mwisho. Muulize: wale watu asubuhi ile walijua nini? Katikati ya mpango na matokeo kuna binadamu, wengine wanaumwa na hakuna anayejua.

Mwenye hoja tofauti aje tubishane. Nawasilisha.