Kuinua pikapu upande wa mbele: Kaza kwa kiasi
PIKAPU nyingi za zamani, kama vile Isuzu TFR, hazina springi za koili mbele. Uzito hubebwa na tosheni-baa, yaani nondo mbili ndefu za chuma zinazojisokota gurudumu linapopanda. Kila nondo ina bolti yake: ikikazwa, gari huinuka, ikilegezwa, hushuka.

Pima kimo cha pande zote mbili gari likiwa mahali tambarare. Inua fremu kwa jeki, uiegemeze kwenye stendi imara, ndipo ukaze kidogo kidogo. Lishushe, uliendeshe kidogo, kisha upime tena.

Kukaza hakuongezi uwezo wa kubeba mizigo, na ukizidisha, boljointi huchakaa upesi. Hatimaye, mwelekeo wa magurudumu na wa taa sharti urekebishwe. La sivyo, tairi zitalika upande mmoja, nazo taa zitawapofusha madereva wanaokuja.