Alama Bila Insha: Njia ya Kusomea Udaktari Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Nchini Marekani, anayeomba kusomea udaktari hutuma kwanza maombi ya jumla, kisha vyuo humrudishia maswali yao wenyewe, ayajibu kwa insha fupi zijulikanazo kama insha za pili, akieleza alikotoka, vikwazo alivyovishinda na watu anaotarajia kuwahudumia. Kenya haikuifuata njia hiyo, na athari zake zinaonekana waziwazi Garissa na kaunti jirani.

Udaktari ulianza kufundishwa Nairobi mwaka 1967, mwaka uleule vita vya Shifta, vilivyozuka kwa sababu Wasomali wengi wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia, vilipomalizwa kwa mapatano. Hata hivyo sheria za hali ya hatari katika eneo hilo ziliendelea hadi 1991, na hakuna aliyefidia miongo ambayo serikali ya kikoloni, tangu 1926, ililifanya eneo hilo wilaya iliyofungwa, yaani isiyoingiwa bila kibali, huku shule zikiwa za kuhesabika.

Hivyo kijana wa Garissa au Wajir alishindana na wenzake wa Nairobi kwa alama tu. Chini ya Bodi ya Pamoja ya Udahili, na baadaye KUCCPS, asasi ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012 ili kuwapangia wanafunzi vyuo, mwombaji hutaja kozi anayoitaka na kupimwa kwa kundi la masomo manne, yakiwemo biolojia na kemia. Maelezo yake binafsi hayaombwi.

Kipimo hiki kina haki yake, maana hakimpendelei mwenye mzazi wa kumwandikia insha, lakini hakioni alama ilivyopatikana. Katika karatasi ya tatu ya kemia ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, mtahiniwa hudondosha myeyusho kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke, na asiyewahi kuishika bureti kabla ya siku hiyo hupoteza alama zisizohusiana kabisa na akili yake. Hali ilizidi kuwa mbaya baada ya shambulio la basi huko Mandera, kaunti nyingine ya eneo hilo, Novemba 2014, lililoua watu 28, wakiwemo walimu, kwani walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurejea.

Kwa upande mwingine, katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa kaunti hiyohiyo ya Garissa kuanzia 1991, wakimbizi waliofaulu KCSE huwania ufadhili wa WUSC, shirika la Kanada lililoanza kuwachukua wanafunzi wakimbizi mwaka 1978, na hao husailiwa ana kwa ana. Jirani yao wa Garissa mjini, raia wa Kenya, hasailiwi. Akikosa alama za udaktari, huomba nafasi katika tawi la mjini humo la KMTC, chuo cha serikali cha kufundisha wahudumu wa afya, ambako pia huchujwa kwa alama.