Bahari Iliyofungwa



Sisi watu wa Mtwara na Mikindani twaijua bahari iliyofungwa. Mwaka 1888 wenyeji waliwaondosha maofisa wa Kampuni ya Kijerumani Mikindani na Lindi; ilipofika tarehe 2 Desemba, manowari za Ujerumani na Uingereza zikaanza kuizuia pwani, kwa hoja ya kukomesha silaha na biashara ya watumwa. Biashara hiyo ovu ilikuwapo, wala hatuifichi.

Kabla ya hapo, Makka, Bani Hashim walizuiliwa bondeni kwa Abu Talib yapata miaka mitatu. Hisham bin Amr, naye hajasilimu bado, alikuwa akimpakia ngamia chakula usiku, akimfikisha mlangoni mwa bonde, akimvua hatamu na kumpiga ubavuni, ngamia akaingia peke yake.

Agosti 2008 mashua mbili za raia, wakiwamo Wayahudi na Wakristo, zilitoka Cyprus zikafika Gaza. Lakini tarehe 31 Mei 2010 askari wa Israel waliivamia Mavi Marmara katika bahari kuu. Waliuawa raia tisa. Wa kumi alikufa mwaka 2014 kwa majeraha yake. Meli zikapelekwa Ashdod, na shehena ikateremshwa huko.