Kampuni Kabla ya Manispaa: Huduma za Mji wa Kolwezi tangu 1937

Miji mingi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati iliyozaliwa wakati wa ukoloni ilianza na boma. Serikali ilitangulia, kisha zikafuata posta, gereza na soko. Kolwezi haikuanza hivyo. Mji huo uliasisiwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ili uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Kwa muda mrefu swali la nani anayeleta maji, anayezoa taka na anayetibu wagonjwa lilikuwa na jibu moja, nalo halikuwa serikali. Ofisi ya meya ilipokuja kuwekwa, iliukuta mji unaendeshwa tayari na mwingine.

Chanzo cha jambo hili ni uhaba wa wafanyakazi. Katika miongo ya mwanzo kampuni ilitegemea vibarua wa muda mfupi waliotoka mbali, wakiwamo watu wa Rhodesia ya Kaskazini na, baadaye, wa Rwanda na Burundi. Wengi walikufa kwa maradhi, wengine walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sera ilibadilika: mkataba ukawa wa miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa kuja na mkewe. Mtu mwenye mke na watoto hakai katika bweni. Anahitaji nyumba, bomba la maji, zahanati, shule, na chakula kisichomlazimu kulima. Huduma za mji, kwa hiyo, hazikuwa haki ya mkazi. Zilikuwa gharama ya kuzalisha shaba, na ziliingizwa katika hesabu pamoja na makaa na baruti.

Neno lililobeba utaratibu huu wote ni posho. Katika Kiswahili cha mwambao posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi au askari aliye safarini. Katika kambi za Katanga ikawa mgao wa kudumu wa familia nzima: unga wa mahindi, mafuta ya mawese, samaki, chumvi, ukipimwa kwa idadi ya watoto walioandikwa. Hapo ndipo kila mtoto alipojulikana kwa kampuni kabla ya kujulikana kwa dola. Kambi ilisimamiwa na mkuu wake, ambaye wafanyakazi walimwita changachanga. Huyu aligawa nyumba, alikagua usafi wa nyua, aliamua ugomvi wa majirani na kufuatilia mahudhurio ya watoto shuleni. Kazi ambazo mahali pengine zingegawanywa kati ya afisa afya, karani wa vizazi na baraza la wazee zilikuwa mikononi mwa mwajiriwa mmoja wa kampuni. Mwenye kufukuzwa kazi alipoteza vyote kwa siku moja, kuanzia na paa.

Serikali ya mji ilichelewa. Desemba 1957, wakoloni wa Kibelgiji waliporuhusu kwa mara ya kwanza uchaguzi wa komini, walichagua Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Kolwezi haikuwamo. Baada ya uhuru na baada ya kujitenga kwa Katanga, kulikokomea Kolwezi yenyewe Januari 1963, mji uliishia kuwa na komini mbili, Dilala na Manika. Hata hivyo kutaifishwa kwa Union Minière kulikoanza kutekelezwa mwaka 1967 hakukuhamisha huduma kwenda kwa meya. Kulizihamishia kwa Gécamines, kampuni ya dola iliyorithi migodi. Mji ukawa na milango miwili. Mwajiriwa alitibiwa katika hospitali ya kampuni, asiye mwajiriwa akaenda Mwangeji. Mitaa ya kampuni ilifagiliwa na vibarua wa kampuni; kwingineko raia walitoka kwa salongo, kazi ya lazima ya enzi ya Mobutu. Hata majina yanashuhudia: mtaa mmoja unaitwa UZK, herufi za mwanzo za jina la kiwanda cha zinki.

Umeme nao ulifuata mgodi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, yaliyokamilika katika miaka ya 1950, yalijengwa kwa ajili ya mitambo. Vivyo hivyo waya wa Inga, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, uliofika Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukipita juu ya vijiji visivyo na taa.

Kuporomoka kulikuja haraka. Sehemu ya mgodi wa Kamoto ilidondoka Septemba 1990, na uzalishaji wa Gécamines, uliozidi tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulikuwa chini ya 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa amekwisha kuipa hali hiyo jina katika kitabu chake cha 2001, *Bana Shaba abandonnés par leur père*, yaani wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Meya alirithi watoto bila kurithi ghala.

Sheria zimejaribu kuziba pengo. Ile ya Oktoba 2008 iliipa miji na komini mamlaka ya kujiendesha. Mwaka 2015 Kolwezi ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2018 yalielekeza asilimia 15 ya mrabaha iende moja kwa moja kwa komini, sekta au utemi ambamo mgodi umo. Ni mageuzi makubwa, ila yanafunga tena fedha za bomba na shule kwenye shimo lile lile: komini isiyo na mgodi haina fungu hilo.

Wakati huo huo shimo linasogea. Huko Kasulo, tangu mwaka 2014, wakazi walichimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao. Katika Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya waajiriwa, upanuzi wa mgodi wa COMMUS umewaondoa watu katika nyumba ambazo wengine wao walikuwa wamezinunua kutoka kwa kampuni ile ile iliyowapa funguo.