Mwanafunzi, profesa na fito zisizogusana

Bandugu, juma iliyopita umeme ulikatika siku tatu mu kartie yetu, nami wakati huo niliupitisha kwa kukata fito. Zile za kupandishia maharagwe, kila mtu wa Kivu anazijua. Nilikata fito tatu za urefu mmoja, nikachana mpira wa ndani wa baiskeli, nikapata kamba tisa. Nilitaka kujenga kitu nilichokiona mu kitabu siku nyingi: fito zinasimama hewani, hakuna inayogusa mwenzake, na kamba peke yake njo zinazishika. Wataalamu wanakiita tensegriti.

Kamba tatu zinafanya pembetatu ya chini, tatu zinafanya pembetatu ya juu, tatu zilizobaki zinapanda pembeni. Kila ncha ya ufito inapokea kamba tatu. Ufito unatoka kona moja ya chini na kwenda kona ya juu, lakini kwa kulala upande, si wima. Usiku wa kwanza kila kitu kilianguka kama kuku mgonjwa. Usiku wa pili nikaelewa: ile pembetatu ya juu lazima igeuke, isikae sawasawa juu ya ile ya chini. Ukiiacha ijizungushe, inatulia ikiwa imepita kwa digrii 30, na hapo kitu kizima kinakaza. Fito zinakandamizwa tu, kamba zinavutwa tu. Ukikata kamba moja, yote inalala. (Tena kwa mpira ni rahisi juu inajitafutia urefu. Ukitumia nailoni, kaza zile tatu za pembeni mwishoni, la sivyo utalia.)

Sisi watu wa agronomi hatupaswi kushangaa sana. Bua bichi la alizeti nalo liko vile: nyama ya ndani inasukuma, ganda la nje linavutwa. Pasua bua uone vipande vinavyojikunja kwenda nje.

Sasa, nani alikitengeneza wa kwanza? Hapo njo habari yenyewe, na inatuhusu sisi watu wa TFC na memware.

Mwaka 1948, kijana mmoja wa Marekani, Kenneth Snelson, alikwenda Black Mountain College, mu North Carolina, kwa masomo ya kiangazi. Alikuwa na miaka 21 na alitaka kujifunza uchoraji kwa Josef Albers. Kumbe mwaka ule alifika pia Buckminster Fuller kufundisha, mtu wa maneno mengi na mifano mingi ya jiometri, na Snelson akapewa kazi ya kumsaidia kuipanga ile mifano. Mafundisho yale yalimwasha. Akarudi kwao Oregon, akaanza kutengeneza vitu vidogo nyumbani kwa wazazi wake, na kimojawapo kilikuwa na vipande viwili vya mbao vyenye umbo la X. Kimoja kilielea juu ya kingine kwa nyuzi tu.

Kiangazi cha 1949 akampelekea Fuller. Fuller akakigeuza mkononi muda mrefu, kisha akaomba abaki nacho. Akamwomba pia ajenge kingine kirefu zaidi. Snelson akashuka mjini Asheville, akanunua fimbo za mapazia, zile zinazovutika, akajenga mlingoti.

Mwaka 1951 picha ya kazi hiyo ikatoka katika gazeti la usanifu, chini ya jina la Fuller. Snelson hakutajwa. Baadaye Fuller akatunga jina tensegriti, na dunia ikalishika jina pamoja na mwenye kulitunga. Mwaka 1959 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yakaonyesha miundo ya Fuller, mlingoti wa namna hiyo ukiwemo. Safari hii Snelson alimweleza msimamizi wa maonyesho ukweli, na jina lake likawekwa. Fuller akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1962, Snelson akapata yake 1965.

Mimi sisemi Fuller ni mwizi. Alikuwa akisumbuka na wazo la kuvuta na kusukuma kabla ya yule kijana, na bila somo lake X ile pengine isingezaliwa. Tena Moscow, mwaka 1921, Karl Ioganson alikuwa ameshaonyesha fito na kamba zake. Lakini wazo ni kitu kimoja, na kitu kinachosimama mezani ni kingine. Kile kilichosimama kilikuwa cha mwanafunzi. Aliendelea kujenga mpaka Needle Tower ya 1968, iko Washington, mita 18 za aluminiamu na nyaya za chuma. Ya pili, iliyoko Otterlo, Uholanzi, inafika mita 30.

Habari hii inanikamata juu mwaka wangu wa mwisho nilipima mavuno ya maharagwe misimu miwili, mvua na jua. Baadaye nikakuta tablo zangu mu ripoti ya mtu aliye juu yangu. Hata koma haikubadilika. Jina langu hapana. Sikusema kitu, nilikuwa bado nangoja saini.

Juma hii nilifungua memware yangu kuzitazama tena hizo tablo, nikapita ukurasa wa shukrani. Mungu yumo, wazazi wamo, dirakta yumo, wenzangu wa promosyo wamo. Yule mama aliyetuazima shamba hayumo. Njo yeye aliyenionyesha kwamba fito zikiegemezwa tatu tatu na kufungwa juu, upepo hauziangushi. Mfumo wake nimeuchora vizuri kabisa, na chini ya mchoro nimeandika: Chanzo, sisi wenyewe.