Maji ya Sabili na Maji ya Bili

Katika miji mingi ya Kiislamu, sabili ni jengo la umma ambamo mpita njia hupewa maji ya kunywa bila ya malipo. Sabili ya Abd al-Rahman Katkhuda mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1744, ingali imesimama. Nasi Waswahili tuna kitenzi chenye asili hiyo hiyo: kusabilia, yaani kutoa kitu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Naamini kwamba historia ya maji ya Mji wa Unguja imo ndani ya neno hilo.

Kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja, wakati mji ukitegemea visima. Mwaka 1870 Barghash bin Said alishika utawala. Kabla ya hapo aliwahi kuhamishiwa Bombay mwaka 1859, na mwaka uliofuata mji huo ulianza kupata maji ya bwawa la Vihar. Aliporithi kiti alijenga mfereji wa kuleta mjini maji safi ya chemchem, na watu wakayateka bure. Hadi leo Wazanzibari wengi huliita bomba kwa jina la mfereji.

Tumsifu, lakini tusisahau kwamba hazina yake ilijazwa na ushuru wa forodha na karafuu, zao lililotunzwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa. Aliyepewa maji na aliyeyagharimia hawakuwa daima watu wawili tofauti.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, maji yaliendelea kutolewa bure. Serikali ikashika nafasi ya mfadhili. Kisha ikaja Sheria ya Maji ya mwaka 2006, iliyounda Mamlaka ya Maji Zanzibar, na hatimaye wananchi wakatakiwa kulipa. Wapo walioona kwamba sadaka ya wazee imegeuzwa biashara.

Nayaelewa manung'uniko hayo, ila siyaafiki yote. Maji ya hisani hayana mdai: yakikatika, mpokeaji hana la kufanya ila kusubiri na kushukuru kwa ya jana. Maji ya bili yana mdai. Mkaazi wa Mlandege aliyelipa, kisha akaamka na kukuta mfereji mkavu, haombi msaada, anadai alichokilipia. Hana budi kuelezwa maji yatatoka lini, fedha yake imetumikaje, na nani atawajibika.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, hapa ndipo penye mtihani. Tukichukua bili ya zama hizi, kisha tukamjibu mwananchi kwa lugha ya mfadhili wa zamani, tutakuwa tumemnyima vyote viwili. Na tukimfungia maji asiye na uwezo wa kulipa, tutakuwa tumekitupa kitu pekee katika urithi wa sabili kisichostahili kutupwa: kwamba mwenye kiu hafukuzwi.