Utetezi wa dau la lazima

Utetezi wa dau la lazima ni mbinu katika mchezo wa karata wa poka. Mchezaji aliyelazimika kuweka dau kabla ya kuona karata zake hukataa kuliacha pale mpinzani anapopandisha dau ili kumfukuza. Mbinu hiyo ni muhimu hasa katika Texas Hold'em yenye kikomo, meza inapokuwa na wachezaji sita au pungufu.

Madau ya lazima

Katika Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wazi hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote. Kabla ya kugawa, mchezaji wa kwanza kushoto kwa mgawaji huweka dau dogo, na anayefuata huweka dau kubwa, kwa kawaida mara mbili ya dogo. Katika poka yenye kikomo mchezaji hawezi kupandisha dau apendavyo: kila ongezeko lina kiasi maalumu.

Kwenye meza ya watu tisa kila mchezaji huweka madau hayo mara moja katika migawo tisa. Wakiwa watatu, huyaweka mara moja katika kila migawo mitatu. Kwa hiyo anayeyaacha ovyo huishiwa upesi zaidi.

Hesabu

Kwa mfano, dau kubwa ni dola 10 na dogo ni dola 5. Mgawaji anapandisha hadi dola 20, na mwenye dau dogo anatupa karata zake. Mezani kuna dola 35, na mwenye dau kubwa anatakiwa kuongeza 10 tu. Akilipa, fungu litakuwa dola 45. Hivyo inamtosha kupata wastani wa 22% ya fungu hilo ili asipate hasara kwa kulipa.

Mwenye dau dogo hana bei nzuri kama hiyo. Angetakiwa kuongeza dola 15 na kupata 30% ya fungu, huku mchezaji mwingine akiwa bado hajaamua. Ndiyo sababu yeye hutetea kwa karata chache zaidi, na mara nyingi hupandisha tena badala ya kulipa tu.

Mgawaji naye amehatarisha dola 20 ili apate 15. Wapinzani wote wawili wakitupa karata katika zaidi ya 57% ya migawo, anapata faida papo hapo, hata akiwa na karata mbovu.

Udhaifu wa mtetezi

Bei nafuu haitoshi kuhalalisha kila karata. 7 na 2 za alama tofauti hushinda karibu 35% dhidi ya karata zozote mbili zikifunuliwa zote hadi mwisho. Hata hivyo wachezaji wengi huzitupa, kwa sababu anayepandisha hafanyi hivyo kwa karata zozote. Tena mtetezi huamua kabla ya mgawaji katika kila mzunguko unaofuata, bila kujua mwenzake atafanya nini.

Utafiti wa kompyuta

Januari 2015 Michael Bowling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science programu iitwayo Cepheus, ambayo kimsingi imetatua mchezo huu kwa wachezaji wawili. Hapo mgawaji ndiye huweka dau dogo. Cepheus, ikiwa na dau kubwa, hutetea kwa karata nyingi kuliko ilivyozoeleka kwa wataalamu, na hupandisha tena mara nyingi zaidi ikiwa na jozi ndogo kama za 3 au 4.

Hata pande zote mbili zikicheza bila kosa, mgawaji hupata wastani wa takriban 0.09 ya dau kubwa katika kila mgawo. Mwenye dau kubwa anayetupa karata kila anapopandishiwa hupoteza dau zima kila mara. Hivyo lengo la utetezi si kupata faida kutoka nafasi hiyo, bali kupunguza hasara yake.